Maarifa Yaliyomo Vidoleni

Katika terminali, yaani dirisha la maandishi matupu ambamo kompyuta hupewa amri, programu ya tmux, iliyoanzishwa na Nicholas Marriott mwaka 2007, huugawa uwanja mmoja kuwa vidirisha kadhaa, na mtumiaji huhama kutoka kimoja hadi kingine kwa kubonyeza Ctrl pamoja na b, kisha mshale. Mzoefu akiulizwa ghafla ni vitufe gani, huenda akasita mpaka vidole vijaribu hewani. Je, anajua au hajui? Maurice Merleau-Ponty, mwanafalsafa Mfaransa, alishikilia mwaka 1945 kwamba mpiga chapa hujua herufi zilipo kama anavyojua vilipo viungo vya mwili wake, na kwamba maarifa hayo hujitokeza kazini tu. Wachongaji wa Wamunyu, katika Kaunti ya Machakos, ambao ufundi wao huhusishwa na Mutisya Munge aliyerejea kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, pengine wasingeona la kubishia hapo. Hata hivyo, tezo ya mchongaji haibadilishwi kazi yake kwa amri, ilhali mpangilio wa vitufe huandikwa katika faili (wengi hawaligusi kamwe), na mtu mwingine akiuhariri, mkono uliokuwa ukijua huanza kukosea pasipo mwenyewe kusahau chochote.