Tafakari ya Leo: Umepigwa Tochi



Ulikuwa unawahi futari, trafiki wakakupiga tochi kwenye kibao cha 50. Faini 30,000. Rafiki anakwambia, "Kataa, nenda mahakamani, utashinda tu."

Kwenda ni haki yako. Kama hukuzidisha mwendo, nenda bila woga. Kudai haki si ukorofi. Lakini kama mshale uliuona kwenye 70, utamwambia nini hakimu, nawe umefunga? Mtume (s.a.w.) alituonya kwamba anayeshinda kesi kwa ufasaha wa ulimi, akapata kisicho haki yake, amepata kipande cha moto.

Basi usianze na "nitashinda?" Anza na "ni kweli?" Elfu thelathini inauma, lakini ilipe. Pale kibaoni watoto wetu wanavuka.

Allah atujaalie ukweli. Amin.