Kumkodishia Mwenzio Chombo

Mashua yangu niliirithi kwa baba. Juzi kijana wa jirani aliniomba nimkodishie msimu huu wa kusi. Desturi yetu ya pwani ni mafungu: wavuvi hupata yao, na chombo nacho hupata lake, kana kwamba nacho kimevua. Fungu hilo sina ugomvi nalo. Linaloninyima usingizi ni ubao mmoja karibu na mkuku, uvujao. Nilimweleza. Akacheka: “Tutafua maji, ami.”

Je, ridhaa ya mwenye njaa yanitosha? Mimi mwenyewe nisingethubutu kutoka nayo. Nimemwambia angoje itiwe kalafati. Pamba ninayo, fundi bado hajapatikana, na jana jikoni kwa kijana huyo hapakufuka moshi.