Dia ni Haki ya Mjane na Mayatima, Si Sadaka ya Wazee

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiharimisha damu ya mja wake asiyekuwa na makosa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, tuliletewa suali katika darasa yetu na mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Mume huyo alikuwa akivuka njia kuu asubuhi, akagongwa na gari lililokuwa likikimbia kupita kadiri, akafa papo hapo, akazikwa siku ile ile baada ya alasiri. Siku ya tatu, kabla ya mikeka ya matanga kukunjwa, wakaja jamaa wa mwenye gari na bahasha. Wazee wakakaa barazani wakasema kwamba hii ni kadari ya Mungu, wala haifai kumburura Muislamu mwenzetu mahakamani. Ndugu wa marehemu akaipokea bahasha, ikaandikwa karatasi ya kuyamaliza maneno, na kizuka akaletewa karatasi hiyo chumbani alimokaa eda atie kidole, bila ya kusomewa. Sehemu ya fedha zile ikapikiwa hitima. Iliyobaki haijulikani ilipo hata leo. Mama huyu ana mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na mkubwa wao amekwisha kutolewa skuli kwa kukosa karo. Naye auliza: Je, ninayo haki yoyote? Au nikidai nitakuwa nimeikataa kadari ya Mola wangu?

Jawabu yetu ni kwamba anayo haki, nayo ni haki aliyopewa na Mwenyezi Mungu, si hisani ya wazee. Na suali hili si lake peke yake. Nyumba nyingi za miji yetu ya pwani zina mama kama huyu, lakini wengi wao hunyamaza. Kwa hivyo tumeona yatupasa kulieleza jambo hili waziwazi.

Tuanze na neno la kadari. Hapana Muislamu anayekanusha kwamba kila ajali imekwisha andikwa. Lakini kuandikwa kwa mauti ya mwenye kufa hakumwondolei mwenye kukosa kosa lake. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka kikiwa kimejaa watu kupita kadiri, wakafa watu zaidi ya 250. Ajali zao zilikuwa zimefika, hapana shaka. Lakini kukipakia chombo kuliko kinavyoweza kuchukua ni tendo la mwanadamu, na tendo la mwanadamu lina masuala duniani na Akhera. Lau kadari ingekuwa ni udhuru, mwizi naye angesema kwamba imeandikwa aibe, na hapana mzee hata mmoja wa barazani ambaye angemkubalia!

Na Mtume wetu (s.a.w.), aliyekuwa na imani ya kadari kutushinda sisi sote, hakuitumia kadari kufuta haki ya waliofiwa. Baada ya kufunguliwa Makka, Khalid bin Walid alipelekwa kwa Bani Jadhima, wakauawa watu katika kabila hilo pasipo haki. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alijitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na tendo lile, kisha akamtuma Sayyidna Ali na mali awalipe dia za watu wao na vitu vyao vilivyoharibika. Wametueleza wenye kuandika Sira kwamba alilipa hata chombo cha kunyweshea mbwa. Na mali iliyosalia akawaachia, kwa kuchelea isije ikawa limesahauliwa lolote. Basi ikiwa chombo cha mbwa kililipwa, yawaje baba wa watoto watatu amalizwe kwa bahasha na fatiha?

Ama hukumu yenyewe, Mwenyezi Mungu ameieleza katika Suratun Nisaa, aya ya 92. Ametufundisha humo kwamba mwenye kumuua Muumini kwa kukosea ana mambo mawili juu yake: kafara, na dia ya kukabidhiwa watu wa aliyeuawa, ila wao wenyewe wakitoa sadaka kwa kusamehe. Kafara ni kumwacha huru mtumwa, na asiyepata ni kufunga miezi miwili mfululizo. Dia ni ngamia mia, kama ilivyothibiti katika Sunna, au thamani yake.

Tazameni maneno yalivyopangwa. Dia hukabidhiwa watu wake. Haikabidhiwi mtaa, wala kamati, wala mzee mwenye sauti kubwa. Na watu wake ni nani? Hapa ndipo penye ugonjwa wetu, na dawa yake imo katika kisa kimoja ambacho twawaomba ndugu zetu wakihifadhi.

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) katika ukhalifa wake alikuwa na rai ya kwamba dia ni ya jamaa wa kiume wa marehemu, kwa kuwa wao ndio wanaobeba mzigo wa kulipa dia anapokosa mmoja wao. Kwa rai hiyo mke hakuwa na fungu katika dia ya mumewe. Akasimama Dhahhak bin Sufyan, akampa habari kwamba Mtume (s.a.w.) alimwandikia barua kumwamuru amrithishe mke wa Ashyam adh-Dhababi katika dia ya mumewe. Umar aliposikia hayo, aliiacha rai yake pale pale. Kisa hiki wamekipokea Abu Daud na Tirmidhi na wengineo.

Basi, ndugu zetu, wanaomnyima mjane fungu lake leo wanashikilia rai ambayo Sayyidna Umar mwenyewe aliitupa kwa sababu ya Sunna. Je, wao wana elimu kuliko Umar? Au wana haya ndogo kuliko yake mbele ya neno la Mtume (s.a.w.)?

Kwa ajili hiyo wamesema maulamaa kwamba dia ni mali ya urithi kama mali nyingine za maiti. Hutolewa kwanza gharama za maziko na madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, kisha ikagawanywa kwa mafungu ya Qur'ani. Tutie mfano wa mama aliyetuuliza. Mumewe ameacha mke, na mama mzazi, na mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili. Tuseme kwamba baada ya madeni imebaki shilingi 2,400,000. Mke ana thumni, nayo ni shilingi 300,000. Mama wa marehemu ana sudusi, nayo ni 400,000. Zilizobaki ni 1,700,000. Mtoto wa kiume ana 850,000, na kila mtoto wa kike ana 425,000. Na ndugu wa marehemu, yule aliyeipokea bahasha, ana ngapi? Hana hata senti moja, kwani mtoto wa kiume amemzuia. Lau marehemu asingeacha mtoto wa kiume wala baba, huenda ndugu naye angepata. Lakini katika mas-ala haya hana.

Atasema msemaji: "Hatukula, tumesamehe, na kusamehe ni jambo jema." Twasema, kusamehe ni katika mambo bora kabisa, na Mwenyezi Mungu mwenyewe amekuita sadaka katika aya ile tuliyoitaja. Lakini sadaka hutolewa katika mali yako, haitolewi katika mali ya mwenzako. Mrithi aliyebaleghe, mwenye akili yake, anayejua anachokiacha, akisamehe fungu lake atapata ujira kwa Mola wake. Mjane asiyesomewa karatasi hakusamehe kitu. Ama mtoto mdogo hawezi kusamehe, wala walii wake hana ruhusa ya kumsamehea. Walii amewekwa ili aihifadhi mali ya yatima, hakuwekwa awe mkarimu kwayo.

Na ile hitima iliyopikwa kwa fedha za bahasha, tuseme nini? Hatutaki leo kurejea maneno juu ya hitima zenyewe. Twasema hili tu, ambalo hatudhani kuwa atatupinga mtu katika upande wowote: sinia lililopakuliwa kwa mali ya mayatima halimfai maiti. Suratun Nisaa, aya ya 10, imetuonya kwamba wenye kula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Siku ile walikula wengi, na wala hapana aliyeuliza nani amenunua mchele.

Wako pia wanaosema kwamba kuchukua fedha hizi ni kuiuza damu ya ndugu yao. Hii ni ghera ya kijinga. Mwenyezi Mungu hakuiweka dia kuwa ni bei ya mtu. Ameiweka ili aliyeondokewa na mwenye kumlisha asitupwe, na ili mwenye kukosa aihisi damu aliyoimwaga. Aibu haimo katika kupokea alichokihalalisha Mungu. Aibu ni kumwona yatima akiomba madukani, na ilhali haki yake imefumbiwa macho.

Sasa tuseme juu ya njia ya kuipata haki hiyo katika nchi yetu. Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, ina mamlaka juu ya ndoa, talaka, urithi na hali za watu baina ya Waislamu walioridhia kuhukumiwa nayo. Huko ndiko hujulikana warithi ni nani na mafungu yao ni mangapi. Ama madai juu ya mtu aliyesababisha mauti kwa uzembe hupelekwa mahakama za serikali. Sheria ya Ajali za Mauti, Sura ya 32, imewapa haki hiyo mke, mume, wazazi na watoto wa marehemu. Ndugu hakutajwa. Madai hayo yafunguliwe kabla ya kupita miaka mitatu tangu kufa. Ikiwa hapana msimamizi wa mali ya marehemu, au yuko na miezi sita imepita bila ya yeye kufungua madai, basi hao wenye haki waweza kufungua wenyewe. Mama aliyetuuliza na aihesabu vyema miaka yake, wala asikubali kuambiwa, "Ngoja kwanza."

Tena iko Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ambayo kwayo hudaiwa haki zilizokuwa za marehemu mwenyewe, nazo huingia katika mali yake. Na mali ya Muislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Ama fedha za Sura ya 32, mahakama hutazama kila mmoja alivyomtegemea marehemu. Juu ya hizo warithi na wamwendee Kadhi, ili asidhulumiwe mama mzazi wala mtoto. Na wala mtu asiseme kwamba mwenye gari ni maskini. Sheria imelazimisha kila gari linalokwenda njiani liwe na bima kwa ajili ya wanaoumizwa na wanaouawa nalo.

Na haya hayapatikani bila ya hati. Kuharakisha maziko ni Sunna, nasi hatusemi maiti acheleweshwe pasipo dharura. Lakini kabla ya kutoka jeneza, mmoja wa jamaa na aende kituo cha polisi ajali iandikwe. Ijulikane namba ya gari na majina ya walioshuhudia. Na daktari aandike sababu ya mauti. Baadaye kichukuliwe cheti cha kifo, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa watoto. Haki nyingi za mayatima zimezikwa pamoja na baba zao kwa kukosa karatasi moja.

Tuna neno pia kwa waendeshao magari. Bima ikilipa, imelipa mali. Haikufungii ile miezi miwili. Aliyeua kwa kukosea ana kafara shingoni mwake, nayo ni baina yake na Mola wake, hata akisamehewa na warithi wote. Na ajue pia kwamba katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, muuaji hamrithi aliyemuua, ijapokuwa ameua kwa kukosea. Basi mume aliyeendesha kwa uzembe akamuua mkewe ndani ya gari lake mwenyewe hana fungu katika mali ya mkewe, wala katika dia yake.

Ewe mzee wetu unayeketi katika baraza za sulhu, twakuheshimu, na sulhu ni kheri. Lakini kabla hujasema "tumesamehe," uliza: wako wapi wenye haki? Mwite mama, asomewe kila neno kwa lugha anayoijua. Wahesabu watoto. Aliyebaleghe na aseme mwenyewe. Asiyebaleghe fungu lake liwekwe wala lisiguswe. Na ikiwa bahasha imekwisha pokelewa na kuliwa, mlango wa toba u wazi, lakini toba ya haki ya mja ni kuirejesha.

Na wewe mama uliyetuuliza, hukuikataa kadari. Kadari imemchukua mumeo, na sheria ya Mola wako imekuwekea fungu lako na mafungu ya wanao. Umeamini la kwanza ukasubiri. Basi simama ulidai la pili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, awahifadhi mayatima wetu, na atujaalie tuwe wenye kutoa haki kabla hatujadaiwa Siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Amin.