Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Kijana anayerisiti na haki ya mgonjwa



Leo tuwaangalie vijana wetu wanaofanya kazi huku wanasoma. Hapa Singida wapo. Kijana kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB, anautaka udaktari wa meno, lakini alama hazikutosha. Sasa anarisiti, na mtihani ni Mei. Mchana kutwa yuko kwenye mashine ya kukamua alizeti, maana nyumbani mama na wadogo zake wanamtegemea. Baada ya tarawehe ndipo anafungua daftari la kemia. Kurasa mbili tu, usingizi umemchukua.

Kumhudumia mzazi ni wajibu, na kutafuta elimu ni wajibu. Vikigongana, kipi kipungue?

Wengi tunamjibu haraka: "Komaa tu, Allah anaiona nia yako." Kweli anaiona. Ila kuna mtu tunamsahau, naye ni mgonjwa. Siku moja atakaa kwenye kiti mbele ya kijana huyu, kafungua mdomo, na uchovu wa miaka ile hautamsaidia chochote. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba anabeba dhamana ya madhara yake. Kwa hiyo Muhimbili wakidai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia, kisha miaka 5 ya masomo na mwaka 1 wa mazoezi ya kazi, wanalinda haki ya mgonjwa. Huruma haiwezi kulijaza pengo hilo.

Na haki hiyo kwetu ni nzito. Mkoa wetu una visima vyenye madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake bado yanajengeka ndani ya ufizi, yatatoka na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Tunao watu wazima wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Hawa wanamhitaji tabibu anayeijua kazi yake.

Sasa mzigo huu ni wa nani? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameitaja tiba katika Ihyaa kuwa ni fardhi kifaya. Maana yake, wakipatikana wa kutosha kuifanya, wengine tumesalimika. Wasipopatikana, lawama ni ya mji mzima. Kumbe alama za kijana yule si shauri lake peke yake. Sisi tunaomwambia "komaa" na kuondoka zetu, tumo ndani ya fardhi hiyo hiyo.

Mama hawezi kuachwa, hilo halina mjadala. Ndiyo maana wengine tushike upande wa pili wa mzigo. Tajiri mwenye mashine, mwachie kijana saa mbili za mchana mpaka Mei, bila kumkata ujira kama unaweza. Mwalimu wa kemia uliye kwenye safu zetu, kaa naye baada ya Alasiri. Mwenye debe la mahindi, lipeleke kwa mama yake kimya kimya. Debe hilo linamnunulia kijana muda wa kusoma.

Nawe kijana, ukiona bado hujaiva, kusogeza mtihani mwaka mmoja si aibu. Kuanzia na stashahada ya afya ya kinywa na meno nako si kushindwa. Kuchelewa kunavumilika. Kumfikia mgonjwa na elimu nusu ndiyo hatari.

Kabla ya futari leo, kila mmoja ajiulize: katika mtaa wangu, ni kijana gani ninayeweza kumpunguzia saa moja ya kazi?

Allah awafungulie vijana wetu, awahifadhi wazazi wao, na atutakabalie swaumu zetu. Aamin.