Goa Haikuapa Kukusubiri

Waliorudi India mara ya tatu, ya nne, huwa na orodha mbili. Varanasi hupendwa: maiti huchomwa hadharani kando ya mto Ganges, usiku na mchana, na mgeni anaelewa hakuna kilichopangwa kwa ajili yake. Goa hulaumiwa: ati imejaa watu, si ile ya zamani. Lakini hao watu ni kina nani? Wengi ni Wahindi, wako likizo nchini mwao. Mahipi wa miaka ya 1960 waliona fuo za Goa ni tupu, ilhali wavuvi waliishi hapo. Sasa jiulize: unapapenda mahali penyewe, ama unapenda kuwa peke yako hapo? Anayelia Goa imeharibika, nadhani, analilia nafasi yake tu.