Mwana Hiti Aliyesuguliwa

Chukua familia moja ya Maneromango, wilayani Kisarawe. Bibi amefariki, arobaini imepita, wajukuu wanagawana vyombo. Ndani ya kasha lake, chini ya kanga kuukuu, amelala mwanasesere wa mti asiyezidi shibiri moja: kiwiliwili kama mchi mfupi, hana mikono wala miguu, ana vititi viwili, kitovu, na kichwa chenye mapanda mawili ya nywele. Kiunoni amefungwa uzi wa shanga. Ameshika weusi wa mafuta na moshi. Mjukuu mkubwa anakumbuka kusikia kwamba shangazi yao aliwekwa ndani pamoja na mwana hiti huyo. Wadogo wanaona uchafu tu. Na wiki hiyohiyo kuna mtu amepita akiulizia vitu vya kale, akaacha namba ya simu.

Kinachofuata kinafanyika kwa nia njema kabisa. Mjukuu mmoja anasema mgeni haonyeshwi kitu kichafu. Linaletwa beseni, sabuni ya unga na kipande cha msasa. Uzi wa shanga umeshaoza, unakatwa. Shanga anapewa mtoto achezee. Mti unasuguliwa mpaka weupe wake unatokeza, kisha unapakwa kiwi nyeusi ili ung'ae. Mnunuzi anapokuja anamgeuza mara mbili, anauliza, "Mnauzaje?" Mmoja anataja elfu hamsini, wanashushana hadi thelathini, fedha zinatumwa kwa simu, biashara imekwisha.

Hasara ya kwanza ilipatikana kwenye beseni, kabla mnunuzi hajabisha hodi. Kwa Wazaramo na majirani zao, Wakwere na Waluguru miongoni mwao, mwali akiwa ndani hupewa mwana hiti amlee kama mtoto wake: amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele. Baadaye hupita kwa mwali mwingine wa ukoo. Ule weusi uliosuguliwa ulikuwa mafuta ya mikono ya wanawake wa ukoo huo, mmoja baada ya mwingine, na hakuna fundi awezaye kuurudisha. Wakusanyaji wa sanaa ya Afrika hutafuta hasa alama hiyo ya matumizi. Ikishaondoka, hakuna kinachomtenganisha mwanasesere huyo na wale wanaochongwa leo kwa ajili ya watalii. Hata kiwi ile ilimwongezea shaka, kwa sababu wachongaji wanaotaka kazi mpya ionekane ya zamani hutumia kiwi, moshi na udongo. Ndiyo maana mjuzi hatazami weusi peke yake. Hutazama mahali ulipo: palipokuwa pakishikwa, kiunoni na kwenye mapanda ya nywele, pawe pamelainika kwa kushikwa, na mifereji ya nakshi iwe imebaki na utando mzito. Weusi uliolingana kila mahali humfanya arudishe kitu mezani.

Hasara ya pili ni lile neno la shangazi. Hakuna aliyeliandika. Mwanasesere mwenye maelezo ya alikotoka, nani alimchonga kama anajulikana, mwali gani alimlea, kijiji gani, pamoja na picha ya zamani ikiwapo, ana uzito tofauti kabisa na yule aliyetoka kwenye kasha lisilojulikana. Mnunuzi hakuuliza habari hizo, na hakuwa na sababu ya kuwakumbusha wenye mali kwamba zina thamani.

Ya tatu ni bei kutajwa na mtu asiyejua anauza nini. Hapo wengi hujifariji kwamba wakidhulumiwa watakwenda mahakamani, na hapo ndipo habari ya wazee wawili wa Ufaransa inapaswa kusomwa kwa makini. Mwaka 2021 mume na mke walikuwa wakiondoa vitu katika nyumba yao, wakamuuzia mfanyabiashara wa vitu vilivyotumika kinyago cha Wafang wa Gabon kwa euro 150. Kinyago hicho kililetwa Ufaransa na babu wa yule mume, aliyekuwa mtawala wa kikoloni huko Afrika. Machi 2022 kikapigwa mnada Montpellier kwa euro milioni 4.2, na wenyewe wakapata habari kwa kusoma gazeti. Wakashtaki. Desemba 2023 mahakama ya Alès ikawanyima haki waliyoidai: ikaona kwamba mnunuzi naye hakujua thamani yake wakati wa kununua, na kwamba wao walizembea kwa kutotafuta ushauri kabla ya kuuza. Gabon nayo ilikuwa imeingia kwenye kesi ikidai kinyago chake. Ombi hilo pia likakataliwa. Nadhani Gabon ndiyo iliyopoteza kuliko wote.

Familia ya Maneromango ilikuwa na pa kuulizia. Makumbusho ya Taifa yapo Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Ipo pia mifano iliyochapishwa: kitabu cha Marc Felix kuhusu mwana hiti, cha 1990, na kile kikubwa kilichotoka pamoja na maonyesho ya sanaa ya Tanzania huko Berlin na München mwaka 1994. Ukilinganisha picha na ulichonacho mkononi, unaanza kuona tofauti. Bei nazo zina namna ya kusomwa. Bei ambayo muuzaji anaitangaza ni matumaini yake. Zitafutwe zile ambazo nyumba za mnada huchapisha baada ya nyundo kugongwa, na ziwe za kitu cha aina hiyo, ukubwa huo na hali hiyo.

Lakini kabla ya bei kuna suala la mwenyewe hasa. Mwana hiti ni wa ukoo, na wanaojua habari zake mara nyingi ni shangazi na bibi ambao hawakuitwa siku ya kugawana vyombo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 nayo ipo, na vitu vya kale vinavyolindwa havisafirishwi nje bila kibali. Kwa hiyo mwacheni kama alivyo, na uzi wake wa shanga uliooza na vumbi lake. Mpigeni picha mbele, nyuma na ubavuni. Mketisheni shangazi azungumze huku mmoja anaandika. Na mnunuzi akisema ana safari ya kesho, mpeni pole ya safari, mwambieni ukoo bado haujakaa.