Kitabu cha Mapepo Katika Maktaba Yetu

Katika sanduku la vitabu tulivyopewa kwa maktaba ya kanisa hapa Muganza kulikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho vijana walikigombania kabla hakijapigwa hata muhuri. Kinaitwa City of Bones, cha Cassandra Clare, kilichotoka mwaka 2007 na kutengenezewa filamu mwaka 2013. Ndani yake kuna mapepo, wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwa mwitu, wote wakiishi kwa siri katikati ya New York. Wazazi watatu walikuja kutuomba kichomwe.

Hatukukichoma. Sisi tuliohukumiwa mara nyingi bila kusikilizwa tuliona haya kukihukumu bila kukifungua. Tulimpa mama mtunza maktaba akisome kwanza, ingawa hadithi za vijana hazipendi. Alisoma majuma mawili, kamusi pembeni, akilalamika kwamba watoto wa humo wana majibu ya jeuri. Kuhusu mapepo alisema ni adui wa kupigwa vita, wala hakuna anayefundishwa kuyaabudu. Wanaopigana nayo wamepewa jina la Wanefili, wale wa Mwanzo sura ya 6, ila mwandishi amewatungia habari zake mwenyewe.

Kilichomkosesha usingizi ni mama wa binti anayeitwa Clary. Mama huyo aliikimbia nchi yake baada ya uasi ulioongozwa na mumewe mwenyewe, akaishi New York kama mtu asiye na jana. Binti hakuambiwa lolote. Tena mama alimlipa mchawi amfunge mtoto kumbukumbu, na kila baada ya miaka miwili akamrudisha afungwe upya. Hatari ilipokuja, mama alitekwa, na binti wa miaka 15 akabaki hajui hata adui ni nani.

“Mchungaji, huyu ni sisi,” alituambia.

Ndugu zetu, tulifikiri sana. Kutoka bonde hili la Bugarama tunaiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ruzizi. Kati yetu wapo waliokimbia mwaka 1996, wapo wa 2004, wapo waliokuja nyuma yao. Watoto wakiuliza kwa nini haturudi, tunajibu “vita”, basi. Je, tunakosa? Tusiharakishe. Mtoto wa miaka mitano akitajiwa jina la aliyemuua babu yake, tumemtwika mzigo, na pengine tumempa adui ambaye yeye hajamkosea. Yule mama wa kitabuni alimpatia binti yake miaka mingi ya kuchora picha zake kwa amani. Hilo si dogo.

Lakini kunyamaza na kudanganya hatuoni kuwa ni kitu kimoja. Aliyenyamaza anaweza kusema kesho. Aliyedanganya itambidi kwanza akiri, na mtoto atauliza ni lipi lingine. Waisraeli waliagizwa kwamba wana wao watakapouliza maana ya Pasaka, ndipo wawasimulie habari za Misri. Swali la mtoto limetangulia.

Kitabu kipo rafuni, kwa wenye miaka 15 na kuendelea. Nyumbani kwetu watoto wanaamini babu yao alikufa kwa malaria. Mkubwa wao alikiazima juzi, naye amekwisha kufika katikati.